Gari Kuukuu la Milimani

Dada yetu aishiye Machakos, upande wa vilima vya Iveti, anatutaka shauri. Mumewe ameona Land Cruiser ya mwaka 1994, na nusu ya bei itoke katika akiba ya dada, aliyomwekea bintiye karo.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililopita miaka 8. Basi gari kuukuu namna hii limekwisha kuishi humu nchini miaka mingi, na huenda limetoka kwetu Pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma. Injini hutengenezeka, chasisi iliyooza ni hasara. Fundi wenu, si wa muuzaji, aingie chini aigonge kwa nyundo. Nambari yake ilingane na ya kitabu cha gari. Muuzaji naye ni haramu kuficha aibu ya anachouza.

Dada, akiba hiyo ni mali yako. Ukiitoa ni ihsani, si wajibu. Chasisi ikiwa nzima, na karo isiguswe, nunueni. La sivyo, subirini. Wallahu aalam.