Fungate ya Riba

Ndugu Waislamu, tunawaona vijana wetu wa Dar es Salaam wakivuka bahari kwenda fungate katika mahoteli ya Nungwi, Unguja, kwa mkopo wa riba, ilhali mahari ya mke ingali ahadi. Hatuharamishi safari wala furaha ya maharusi. Lakini ni furaha gani inayoanza kwa riba na kuishia ufukweni bila ya stara? Mtume (s.a.w.) alipomuoa Bi Safiyya (r.a.), mwaka wa 7 Hijria, mahari yake ilikuwa kuachwa huru. Wakakaa siku tatu njiani baina ya Khaybar na Madina, na walima ikawa tende, jibini na samli. Enyi vijana, toeni mahari kwanza! Nanyi mawalii, msione haya kuidai. Wabillahi Tawfiq.