VIRAKA VYA BOMBA LA MBUGANI VIMETOSHA

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi tutakutana kuamua jambo moja: fedha tuliyoiweka kando kwenye pamba itengeneze bomba la zamani, au inunue jipya. Maneno yamekuwa mengi huko vilabuni. Sisi wa ofisi ya tawi tunasema wazi: kipande cha mbugani kibadilishwe chote.

Wako wazee wanaosema bomba lile walilichimbia kwa mikono yao, na kulifukua ni kuwavunjia heshima. Tunawaelewa. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na kwake ifikapo 1991, na wananchi walijitolea kuchimba mitaro. Lakini heshima ya wazee ni maji kufika, siyo chuma kuozea ardhini.

Leo tunafunga mpira wa baiskeli hapa, kesho panapasuka hatua kumi mbele. Siyo uchawi, wala fundi si mbovu. Kutu imekula bomba zima, basi ukiziba tundu moja, nguvu ya maji inatafuta penye udhaifu pengine. Tena udongo wa mbuga unavimba wakati wa mvua, kiangazi unapasuka. Kila mwaka unavuta maungio.

Hesabu ya kisomo cha watu wazima inatosha. Bomba la chuma moja lina mita 6. Kilomita 3 za mbugani zina maungio kama 500. Bomba jeusi la plastiki, kwa wembamba wa letu, huja kwa roli. Roli za mita 100 ni 30 tu, na maungio hayazidi sana hapo. Halishiki kutu, linapinda na udongo, na likizikwa vizuri linaweza kudumu miaka 50.

Tulifunga vilula vyote tukabakiza cha shule. Kwenye tenki ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika moja, pale shuleni dakika nne. Maji mengine yanamwagika njiani, mengine yanazuiwa na kutu. Dizeli ya kuyasukuma tumelipa sisi. Na pampu ikizimwa, matope yanaingia kwenye matundu yale yale, watoto wanayanywa. Kipindupindu hakipigi hodi.

Kweli, fedha haitoshi kubadilisha bomba lote. Kwa hiyo kipande cha kilimani, kwenye mawe makavu, kibaki na kitengenezwe. Cha mbugani tuchimbe wenyewe, kina cha mita moja, plau isilifikie. Kabla ya kununua, tuwaombe wataalam wa RUWASA wilayani watupimie ukubwa wa bomba. Tusinunue kwa macho.

Jambo la mwisho linauma. Waliojiunganishia maji kwa siri wajitokeze kabla ya Jumamosi. Hata mwenzetu mmoja wa kamati amekutwa nayo, na ameambiwa aikate. Bomba jipya lenye wezi wa zamani litakuwa hasara mpya.

Akina mama, njooni kwa wingi, maana nyie ndio mnaobeba ndoo. Asiyefika asije akalalamika kilulani.

Maji ni uhai. Jembe mkononi!

Katibu wa Tawi