Asilimia mia moja ya nani?

Matokeo ya Mtihani wa Serikali, Exetat kama tunavyouita wote, yakishatoka, mzazi wa Kivu Kusini hutafuta kwanza jina la mwanawe, kisha asilimia ya shule. Palmaresi, yaani orodha ya matokeo, inaonyesha shule, mchepuo, idadi ya waliofanya mtihani, idadi ya waliofaulu na asilimia yao. Kwa tarakimu hizo tunaamua shule ipi ya Walungu, Kabare au Kalehe ni nzuri na ipi ikimbiwe. Kwa hizo hizo prefe, yaani mkuu wa shule, husifiwa au hulaumiwa, na familia yenye uwezo mdogo huuza mbuzi ili mtoto akasome mjini Bukavu. Kipimo hiki kina kasoro ya msingi. Kinahesabu waliofika kwenye chumba cha mtihani, lakini hakisemi lolote juu ya wenzao walioanza nao.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule mbili za kijijini zinapokea kila moja wanafunzi 60 katika mwaka wa kwanza wa humanite. Wanapofika mwaka wa nne, ya kwanza inapeleka 20 kwenye mtihani na wote wanafaulu, ya pili inapeleka 50 na wanafaulu 35. Palmaresi itaipa ya kwanza asilimia 100 na ya pili asilimia 70, ingawa ya pili ndiyo iliyotoa diploma nyingi zaidi kutoka idadi ile ile ya watoto. Wale 40 waliopotea katika shule ya kwanza hawamo kwenye karatasi yoyote anayoisoma mzazi. Baadhi walishindwa kulipa minervali, yaani karo. Baadhi walirudia darasa hadi wakakata tamaa, au walishauriwa kutafuta shule nyingine kabla ya mwaka wa mwisho ili wasiiharibie shule jina. Kuna wavulana walioishia kwenye machimbo ya dhahabu ya Mukungwe au Kamituga, na wasichana walioolewa kabla ya kumaliza. Si kila mmoja wao aliyepotezwa na shule yake. Lakini tunapoipongeza shule bila kuuliza wako wapi, tunamfundisha prefe kwamba njia rahisi ya kupanda ni kuwaondoa wanyonge mapema, na kwa hilo siwezi kunyamaza.

Hata ndani ya wilaya moja, shule hazianzii mahali pamoja. Walungu ina Nyangezi, iliyo kando ya barabara ya Bukavu kwenda Kamanyola, yenye desturi ndefu ya shule za misheni. Walungu hiyo hiyo ina Kaniola, ambako katika miaka ya 2000 watu waliuawa na kutekwa katika mashambulizi ya waasi wa FDLR. Kuna pia suala la fedha. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi wamebeba sehemu kubwa ya malipo ya walimu kupitia ile tunayoiita primu. Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyoagiza, lakini sekondari ilibaki mikononi mwa wazazi. Mahali wanapoweza kulipa, mwalimu wa fizikia hubaki. Wasipoweza, mwalimu huyo huenda mjini, na mchepuo wa hisabati na fizikia hudhoofika au hufa. Kwa hiyo orodha yetu ya shule bora, kwa sehemu, ni orodha ya mifuko ya wazazi.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, tuache kabisa kuzilinganisha shule. Kenya ilipiga marufuku upangaji wa shule kwa matokeo mwaka 2014, na Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Naelewa sababu zao, lakini sioni kwamba kimya kinamsaidia mkulima wa Burhale. Mwenye ndugu mjini atauliza na kujibiwa, na asiye na mtu atabahatisha. Ufaransa imeshika njia nyingine. Tangu miaka ya 1990 wizara ya elimu huko huonyesha, pamoja na asilimia ya kufaulu, sehemu ya wanafunzi walioingia lycée na kufika hadi bakaloria, na hulinganisha matokeo na yale yaliyotarajiwa kwa wanafunzi wa umri, hali ya familia na kiwango kama chao.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuwahesabu walioanza linahusu vita. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, familia nyingi zimehama, na huko vijijini kuhama kulikuwapo hata kabla ya hapo. Je, tuiadhibu shule kwa mtoto aliyekimbia risasi? Hapana. Anayehama na kuandikishwa kwingine ahesabiwe huko alikopokelewa, na aliyeondolewa na vita aandikwe peke yake, asichanganywe na aliyefukuzwa kwa minervali. Hesabu hiyo haitakuwa kamili, lakini itakuwa ya haki kuliko asilimia inayomfanya mtoto huyo aonekane kana kwamba hakuwahi kuandikishwa. Wala haitawapa kisingizio maprefe wazembe, kwa maana shule inayopokea wengi na kufaulisha wachache itaonekana wazi zaidi kuliko leo.

Wala hatuhitaji mtihani mpya au ofisi mpya. Kila shule, iwe ya serikali moja kwa moja au ya makanisa chini ya mkataba wa 1977, ina daftari la uandikishaji, na wakuu wa elimu wa wilaya hukusanya takwimu za wanafunzi. Wanachopaswa kufanya ni kutoa kwa kila shule, kando ya asilimia ya Exetat, idadi ya walioanza mwaka wa kwanza wa humanite miaka minne nyuma, wasichana peke yao na wavulana peke yao, na kwa kila mchepuo. Walungu inaweza kutangulia. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kila shule mwezi Agosti, kabla wazazi hawajaanza kulipa.