Mtoto Akichora Gari la Mzinga

Mzazi wa Tunguu, mwanao akichora gari la vita la mwaka 3000, lenye mzinga mkubwa juu, usiichane karatasi. Muulize: mzinga ukifyatuka, gari halirudi nyuma? Huenda akaongeza majembe ya chuma ya kujichimbia ardhini, kama yalivyo kwenye baadhi ya mizinga ya kweli. Hapo ameanza fizikia.

Kisha muulize: kombora litamwangukia nani? Siku mkienda Mjini, mpitishe Forodhani. Mweleze kuwa Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza zilipiga mizinga kasri la Sultani hapo. Vita havikutimiza saa nzima, lakini watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Mkirudi, mwache aendelee kuchora, na umuulize tena swali la pili.