Ile 50 ya diplome

Ndugu kijana wa Fizi na Baraka, na wewe muzazi uliye kwenye machimbo ya Misisi, tunasikia mukisema: «Mutoto alianguka juu Kinshasa walitaka watu kidogo tu.» Hapana. Egzamen ya Serikali si mashindano. Anayefikisha 50 kwa mia amepita, hata darasa lote likifikisha.

Kwa yule wa pedagogie, karatasi hiyo, D6, ndiyo ruhusa ya kushika chaki kwenye shule ya musingi. Na kwake hesabu haianzi zile siku ine za mwisho. Kabla yake kuna insha ya Kifaransa, Kifaransa cha kusema, na somo analofundisha mbele ya juri. Usizidharau.

Majibu ya kuchagua yanasomwa na mashine. Mashine haimujui baba yako. Maswali nayo yako ya serie mbalimbali; basi «majibu» ya barabarani, hata uyanunue kwa gramu ya dhahabu, pengine ni ya serie ya mwingine!

Muzazi, feza ile umununulie mutoto maswali ya miaka iliyopita, na kila jioni umwache ajizoeze.