Mahali Nguvu ya Umeme Inapokoma

Juma lililopita kijana mmoja wa shule alituletea daftari lake, uso umemkunjamana. Alikuwa amepewa hesabu ya vigololi viwili vyenye umeme chanya, kimoja kikiwa na umeme mara 4 kuliko mwenzake, vikitengana kwa sentimeta 30. Ni mahali gani kati yao nguvu ya umeme ni sifuri? Yeye alijibu: katikati. Jibu lilikatwa kwa wino mwekundu.

Nalo lilistahili kukatwa. Katikati ni kwa vigololi vilivyo sawa tu. Tukiweka kichembe cha umeme chanya kati ya hivi vyetu, kile kikubwa hukisukuma mbali zaidi. Lakini umbali ukiwa mara 2, nguvu hubaki robo. Basi nukta tuitafutayo ni ile iliyo sentimeta 20 kutoka kwa kikubwa na 10 kutoka kwa kidogo. Hapo misukumo miwili hupambana, wala hakuna ushindao.

Na kigololi kidogo kikiwa na umeme hasi? Usitafute kati yao, maana hapo kimoja husukuma na kingine huvuta, vyote kuelekea upande ule ule. Nukta iko nje, sentimeta 30 ng'ambo ya kile kidogo.

Ndipo kijana akatuuliza: «Mwalimu, wakati wa radi, mtu hawezi kusimama penye nukta kama hiyo akapona?» Swali hilo si la kuchekwa, hasa kwetu upande wa Kivu, ambako radi hupiga mara nyingi kuliko karibu pote duniani. Hapana, mwanangu. Nukta ni nukta: ukisogea kidogo nguvu imerudi, na mawingu hayatulii.

Lakini yako mahali ambapo nguvu hukoma chumba kizima. Mwaka 1836, mjini London, Michael Faraday alijenga chumba cha mbao cha futi 12 kila upande, akakizungushia nyaya za shaba na karatasi nyembamba za bati, kisha akaingia na vyombo vyake vya kupimia. Nje cheche ziliruka. Ndani vyombo havikuonyesha kitu. Umeme hujipanga juu ya uso wa metali hata ndani nguvu ikaisha.

Kwa hiyo motokaa yenye paa na pande za chuma, madirisha yakifungwa, ni kimbilio jema. Nyumba ya udongo yenye mabati juu tu haijawa sanduku la chuma. Na chini ya mti ni pabaya kabisa.

Kijana akafikiri, kisha akauliza juu ya baiskeli ya baba yake. Tulimjibu kwamba baiskeli haina paa.