Mzigo wa Vitabu Usiwazuie Wasomi wa Kusini

Wahenga wa pwani walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maneno hayo yalinirudia siku moja pale Nangurukuru, kwenye njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, basi la kutoka Dar es Salaam liliposimama na kumshusha mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mkoba wake wa nguo ulikuwa mwepesi, akautundika begani. Lakini boksi lake la vitabu, lililofungwa kwa kamba ya katani pande zote nne, lilishushwa na utingo huku akinung'unika, likawekwa vumbini kando ya barabara.

Mwalimu huyo anasoma shahada akiwa kazini. Ndani ya boksi lake mlikuwa na vitabu vinne tu. Vitatu vilikuwa vya kuazima, kila kimoja na tarehe yake ya kurudishwa Dar es Salaam. Cha nne alikuwa amekinunua, na kwa sababu hiyo, alinieleza bila kinyongo, mabati ya nyumba yake yangesubiri mwaka mwingine. Kisha akaanza kupatana bei na kijana wa bodaboda, ambaye alitaka nauli ya abiria wawili: mmoja mwalimu, wa pili boksi.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo, na kwamba anayetaka elimu hana budi kuitolea jasho. Ni kweli kwamba elimu haipatikani kwa usingizi. Lakini jasho la kusoma ni jambo moja, na jasho la kukitafuta, kukilipia na kukibeba kitabu ni jambo jingine. La kwanza humjenga msomi. La pili humchosha kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Upo pia mzigo wa tatu ambao hauwekwi kwenye mizani, nao ni mzigo wa moyo. Mwanafunzi asiye na kitabu huketi nyuma na kunyamaza. Swali likiulizwa huinamisha kichwa, si kwa kuwa ni mjinga, bali kwa kuwa ukurasa unaozungumzwa hajauona. Usiku hungoja mwenzake alale ndipo aazime kitabu, naye alfajiri akirudishe kabla mwenyewe hajakihitaji. Mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye mchana anaheshimiwa darasani kwake kama mwalimu, hujikuta akibembeleza kitabu kwa kijana wa miaka ishirini. Wengi huacha masomo kimya kimya, na sisi huandika kwamba wameshindwa mtihani.

Kwa nini vitabu vya vyuo ni vizito na ghali kiasi hicho? Sababu yake haina uchawi. Vingi huandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa nchi nyingine, wenye vipato vingine na maktaba kila mtaa. Hupakiwa somo zima la miaka kadhaa ndani ya jalada moja, kwa karatasi nzito na picha za rangi. Chukua mfano wa kitabu cha fiziolojia cha Guyton, ambacho matabibu wengi wanakifahamu. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1956, na matoleo yake ya karibuni yana kurasa zaidi ya 1,000. Hatusemi kuwa ni kitabu kibaya. Tunasema kwamba mwanafunzi wa utabibu anayehitaji sura chache kwa muhula mmoja analazimika kuibeba na kuilipia milango yote ya somo hilo. Isitoshe, kila baada ya miaka michache hutolewa toleo jipya, kurasa zikahama, na kile cha kaka yake aliyemtangulia kikaonekana hakifai. Juu ya hayo ongeza fedha za kigeni, nauli ya meli au ndege, faida ya muuzaji, na mwisho nauli ya basi hadi Lindi.

Tena barabara yenyewe si ya kutegemewa wakati wote. Ni kweli kwamba tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tumeagana na adha ya kivuko cha Rufiji. Hata hivyo, mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata mawasiliano ya barabara kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Kusini. Kwa msomi wa Kilwa ambaye kitabu chake kiko Dar es Salaam, barabara ikikatika na somo limekatika.

Uchungu unazidi tukikumbuka kwamba pwani hii si ngeni katika mambo ya maandishi. Habari za masultani wa Kilwa ziliandikwa zamani, na nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London. Uchunguzi mkubwa wa magofu ya Kilwa Kisiwani uliofanywa na Neville Chittick ulichapishwa mwaka 1974 katika majuzuu mawili makubwa, kwa Kiingereza. Ni walimu wangapi wa historia wa Kilwa waliowahi kuyashika majuzuu hayo mikononi? Mwalimu anaweza kuabiri mashua kutoka Masoko na kuufikia Msikiti Mkuu wa Kisiwani kwa muda mfupi. Kukifikia kitabu kinachoueleza msikiti huo ni safari ndefu zaidi.

Lakini pwani hiyo hiyo inatufundisha kwamba thamani ya kitabu haipimwi kwa kilo. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliisimulia Vita ya Maji Maji kwa utenzi, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969. Ni kitabu chembamba kinachoingia mkobani bila kujulikana, nacho kimesomwa na vizazi vya wanafunzi nchini kote. Hata Mwalimu Nyerere, alipotaka kutuonya dhidi ya makosa yetu mwaka 1962, alituandikia kijitabu kidogo, Tujisahihishe. Hakuna aliyelalamika kwamba hakina uzito.

Basi na tujisahihishe. Taifa letu liliwahi kulielewa jambo hili vizuri. Mwaka 1966 liliunda shirika lake la uchapishaji, Tanzania Publishing House, ambalo mwaka 1972 lilishiriki kukitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Wasomi wa dunia nzima wakawa wanasoma kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wananchi vipatavyo watu milioni mbili vilisoma vijitabu vya Kiswahili huku vikisikiliza redio, kisha wakachimba vyoo na kufyeka nyasi. Vijitabu hivyo vilikuwa vyepesi, lakini kazi yake haikuwa nyepesi.

Baadaye, tangu mwaka 1991, kazi ya vitabu vya shule ilikabidhiwa wachapishaji binafsi, na ilipoonekana kuna kasoro, tangu mwaka 2013 Serikali iliirudisha kwa Taasisi ya Elimu. Leo vitabu vya kiada vya shule vinapatikana hata katika maktaba mtandao ya Taasisi hiyo. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini mwanafunzi wa chuo tumemwacha mikononi mwa soko na mashine ya kunakilia. Ndiyo maana anaishi kwa yale wanafunzi wanayoyaita madesa: vipande vya vitabu vilivyonakiliwa mara nyingi hadi michoro ikageuka madoa meusi. Njia hiyo humdhulumu mwandishi, kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na humdhulumu msomaji pia.

Tutaambiwa kuwa dawa ni simu. Simu inasaidia, na si busara kuibeza. Lakini si kila kitabu kimo humo kwa njia halali, vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa fedha ile ile isiyotosha, na mchoro wa mishipa ya moyo hausomeki vyema kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja. Simu iwe msaidizi wa maktaba, isiwe kisingizio cha kutokuwa na maktaba.

Hatua za kuchukua zimo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, wahadhiri wetu waandike vijitabu vya mada, kila kimoja kwa muhula wake, vichapwe hapa nchini, na pale inapowezekana viandikwe kwa Kiswahili. Kazi hiyo ihesabiwe katika kupandishwa kwao vyeo, maana mtu hafanyi kwa moyo kazi isiyohesabiwa. Pili, vyuo visibadili toleo la kitabu bila sababu ya kitaaluma. Tatu, maktaba kubwa za vyuo zifungue milango. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mwaka 2018 maktaba yenye uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000, na sasa kinajenga kampasi Lindi. Maktaba ya kampasi hiyo imhudumie pia mwalimu wa Kivinje na bwana shamba wa Mchinga, wala isiwe ya wenye vitambulisho vya chuo peke yao. Nne, halmashauri zinapomruhusu mtumishi kusoma, zikumbuke kwamba ruhusa bila kitabu ni nusu ya ruhusa.

Hatua ya tano haihitaji bajeti, nayo inatuhusu sisi tuliokwisha kusoma. Katika nyumba nyingi za watumishi na walimu, vitabu vya chuo vimelala juu ya kabati, vikiliwa na mchwa, kama vyeti vya pili vya kuonyesha wageni. Wahitimu wa Chuo Kikuu Huria, ambacho tangu mwaka 1994 kinawafundisha watu wakiwa kazini kwao na ambacho kina kituo Lindi, wanajua vizuri zaidi kuliko wengine kitabu kimoja kina maana gani kwa mtu aliye mbali. Rafu moja katika kituo cha walimu, daftari la kuazimia, na mtu mmoja mwaminifu wa kulitunza, vinatosha kuanzia.

Mwalimu niliyemwona Nangurukuru hakuomba huruma ya mtu. Aliketi nyuma ya bodaboda, boksi likiwa limebanwa kati yake na dereva, akaelekea Masoko kwa zaidi ya kilometa 30. Asubuhi yake alikuwa na darasa la kufundisha. Tukiendelea kuuona mzigo wake kuwa ni kanda la usufi, tusishangae siku atakapoutua na kuacha kusoma. Watakaopata hasara siku hiyo ni watoto wa Kilwa.